Pistoni ya Nne

Jumatatu, 17 Mei 2021
Mtaa wa Ndosho, kwa Papa Damascène, fundi wa vyombo vya fanfari, bendi ya tarumbeta. Nimeiona! Eufoniamu mpya, tarumbeta nene ya sauti nzito, inang'aa, pistoni nne za kubonyeza, na bei naiweza. Baba atapuliza tena! Yake ilibaki Rutshuru tulipokimbia vita, 2008.

Nyumbani nimemweleza Baba. Akauliza tu:
— Ya ine iko upande gani?
— Juu, pamoja na zingine, Papa.
Akaacha uji wake ukapoa.

Jumanne, 18 Mei
Leo Baba kanifundisha. Ile ya kung'aa hudanganya kwenye sauti za chini. Anayotaka ni kompanse: ina mirija ya ziada nyuma, inairekebisha sauti yenyewe, na pistoni ya nne iko pembeni, kwa mkono wa kushoto. "Usiangalie sura, mutoto wangu. Igeuze, angalia mugongo."

Kumbe! Ndiyo maana wakati wa nyimbo kidole chake cha kushoto hubonyeza kikombe. Nilidhani ni uzee. Nimeumia.

Ijumaa, 21 Mei
Kompanse ipo! Dukani kwa fundi, chini ya magunia — imebonyea, nyeusi kama sufuria ya maharage. Ile ya kung'aa imekaa mlangoni. Kibaya chajitembeza kweli! Nimeigeuza: mirija ile pale. Papa Damascène akapuliza noti ya do, ile ya chini kabisa. Mabati yakatetemeka, nami machozi.

Bei inanizidi. Nitauza vitenge vyangu vya sikukuu. Atanitunzia, kasema fundi, mpaka Jumapili.

Jumamosi, 22 Mei
Vitenge vimeuzika. Mvua ikanichelewesha, nikasema kesho baada ya ibada.

Sasa anga jekundu. Mlima umelipuka! Watu wa Kibati, huko juu karibu nao, wanashuka na magodoro vichwani. Baba hainuki kitini. "Ulishalipa?" Namwonyesha pesa, bado ziko mkononi.

Jumatatu, 24 Mei
Ndosho haikuungua. Lakini duka limefungwa. Jirani anasema fundi amebeba vyombo, ameenda, hajui wapi. Ardhi inatikisika tu. Naitamani ile do kuliko usingizi.

Ijumaa, 28 Mei — Sake
Serikali imesema tuhame. Jana tulitembea na umati wote, Baba akiburuta mguu kwa fimbo yake, tukalala darasani. Baba anakohoa. Pesa bado ziko kifuani mwangu.

Sasa hivi — sauti nzito, kutoka upande wa kanisa. Watoto wamepiga kelele: volkano! Mama mmoja: ni lori tu.

Kidole cha kushoto cha Baba kimeshuka polepole, kama kwenye pistoni ya nne, kimebaki chini. Amesimama. Fimbo ameiacha.
— Papa, muguu yako!
— Beba feza!
Ameshafika mlangoni —