Nguo za Kulwa Zinarudi Nyumbani

Xiaobei, Guangzhou, China

Mke wangu Bibi,

Shikamoo, ingawa sijui ni mume gani anayemwamkia mkewe. Goti limepoa? Yule jogoo wa jirani bado anakuja kula mahindi yako, au umeshamgeuza mchuzi? Na wewe Neema, binamu yangu unayemsomea, soma kama nilivyoandika. Nakujua kwa kuruka mistari.

Mimi mzima, naumwa umaarufu tu. Mjukuu wako aliyeishia kidato cha pili, yule ambaye mwalimu wa Kiingereza alikuwa akimwita gogo, leo anaitwa "Teacher" na watu wazima wenye ndevu. Nafundisha Kiingereza, Bibi! Cheka umalize, nakungoja.

Ni lile darasa la pacha wangu Kulwa. Tulipomaliza kumzika, laoban, ndivyo huku tunavyomwita bosi, aliniita nije nishike nafasi yake. Kazi yenyewe ni kufunga mizigo ya wateja hapa kwenye jengo la Tianxiu, na mchana kuwafundisha Kiingereza wateja wa Amerika Kusini, nyuma ya ofisi, katikati ya maboksi. Wao lugha yao ni Kihispania.

Sasa sikiliza maarifa ya mumeo. Mhispania anakosea palepale tunapokosea sisi. Sisi tunasema nina njaa, na yeye vilevile ana njaa, basi anaropoka "I have hunger." Mwingereza njaa hana, yeye mwenyewe ndiye mwenye kuwa njaa: "I am hungry." Miaka nayo hivyohivyo, usiseme unayo, sema wewe ni miaka hiyo. Sisi gari kwanza, wekundu baadaye, na wao pia. Mwingereza anatanguliza wekundu: "red car." Tena sisi mtu tunamficha ndani ya neno, "amechelewa," basi, yatosha. Mwingereza hataki. Kila sentensi lazima mwenyewe atajwe mbele, hata mvua: "It is raining." Huyo "it" ni nani, sijui. Lakini lazima asimame pale mlangoni. Ukiwa peke yako na maboksi unaanza kumfikiria vibaya.

Najua unasubiri habari za nguo. Umetuma ujumbe kwamba tanga halianuliwi mpaka nguo za Kulwa zirudi zigawiwe. Bibi, nilikuwa nimezivaa.

Begi langu lilipotelea safarini. Laoban akanifungulia sanduku la Kulwa, akasema, "Vaa, wateja wameshazoea." Sikumwelewa. Nikaingia darasani na lile shati lake la mistari. Rosalba, mama mmoja wa Peru anayenunua midoli mtaa wa Yide Lu, akajipiga ishara ya msalaba, akatabasamu hadi machozi.

"Is late, Teacher Kulwa!"

"You are late," nikamrekebisha, mdomo ukinitangulia, nikagonga meza kwa kidole, mara mbili.

Darasa zima likashangilia. Sikujua kwamba Kulwa alikuwa akigonga meza. Nilijua kwa kuona nyuso zao. Kumbe laoban, kwa kuogopa wateja wasikimbie, aliwaambia Kulwa yuko kwao anajiuguza. Basi kwao nilikuwa Kulwa, nimepona, nimerudi.

Nikacheka moyoni. Si neno, nikasema, sura ni ileile, acha waniite watakavyo. Lakini mama wa tambi pale chini akanimiminia pilipili "kama kawaida yako." Unanijua mimi na pilipili, nalia kama mtoto. Nikala kwa kumstahi. Baadaye nikaanza kuitamani. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikinyoa ndevu, simjui ninayemnyoa.

Halafu kuna zile sentensi. Kulwa, mshenzi yule, aliwafundisha kulinganisha kwa kunitumia mimi! Wanafunzi wanazijua kwa moyo: Doto ni mvivu kuliko mimi. Doto anakula ugali wote. Doto anamwogopa bata wa Bibi. Rosalba anazisema kwa sauti ya Kulwa, na kile kikohozi chake kidogo katikati, maana alidhani nacho ni Kiingereza. Mimi nakaa kwenye kiti nasikiliza habari zangu kama za mtu aliyeko mbali sana.

Wiki hii Hernán, mzee wa Kolombia mwenye ndevu, akafunga daftari lake akauliza, "And Doto? Is well?"

Wote wakageuka kunitazama. Wanampenda huyo Doto, Bibi. Nikafungua mdomo nimrekebishe, kidole kikaenda mezani, nikakiona. Hakikuwa changu. Nikaona wazi kwamba katika chumba kile aliyekufa alikuwa mimi.

Nikakificha kidole mfukoni. "I am Doto," nikasema. "Kulwa is dead."

Kisha Rosalba akaja, akanishika uso kwa mikono miwili, akautafuta kama anayetafuta kasoro kwenye mdoli kabla hajalipa. Akaniambia, kwa Kihispania ambacho hata mimi nilikielewa, nivue. Nikavua shati nikabaki na fulana. Akalikunja yeye mwenyewe, akalitia kwenye sanduku la Kulwa, akamwambia Hernán alete utepe wa gundi wa maboksi, wakalifunga sanduku lote. Laoban alisimama mlangoni akanung'unika.

Sanduku analo Mama Joyce wa Kahama, anayekuletea barua hii. Nguo zote zimo. Gawa, Bibi. Shati la mistari apewe mjomba fundi baiskeli, mimi usinibakizie kitu.

Nisalimie Baba, na shangazi wa dagaa, na huyo bata.

Neema, mstari huu usiuruke. Tanga likishaanuliwa, mwambie Bibi atoke uani aniite jina langu kwa sauti, kama alivyokuwa akiniita nikichelewa kurudisha ng'ombe. Moja tu, bila la pacha. Huku niliko nitaitika.

Mumeo, mvivu kuliko wote,
Doto