Mzee Mwenye Mlango Kifuani

Domitila, mwanangu,

Baba yako amefika. Naanza na hilo kwa sababu ndiye uliyemfuata ulipovuka mpaka kurudi kwetu, nami sina njia ya kukufikishia habari.

Alikuja kwa njia ya Munanila, kijiji cha mpakani, muda mfupi baada ya wewe kuondoka na wale wanawake waliosema wanakwenda vibarua vya kulima. Mlipishana. Amekonda sana, lakini ni yeye. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Domi yuko wapi?"

Unakumbuka ulivyokuwa ukikaa mlangoni pa hema, katoni ya biskuti mapajani, mkaa wa kuchorea mkononi? Ulitunga watu wako mwenyewe. Mwanamke mwenye chungu badala ya kichwa, anayepika mawazo yake na kuwagawia majirani. Mapacha waliotembea juu ya vivuli vyao ili wasikanyage nchi ya watu. Na yule mzee mwenye mlango kifuani, kijiji kizima kikiingia humo kujificha. Nilikuuliza, "Na yeye mwenyewe atajificha wapi?" Ukacheka. "Mama, hapo bado sijafika."

Ulipoondoka, mwalimu wako, yule aliyetoka Tanga, aliitundika michoro yote darasani, ikifuatana kama hadithi. Watu walimiminika. Walimcheka mama wa chungu. Walipofika kwa mzee walisogea karibu. Mwanamke mmoja aliweka kiganja juu ya ule mlango, hakukiondoa upesi. Wengine waliniuliza maana yake. Nilijibu tu, "Ni kazi ya binti yangu."

Baba yako aliutazama uso wa mzee yule chini ya kofia uliyomchorea. "Kofia hii ni yangu," alisema. Kisha akatoka nje, akaanza kufunga kamba za viatu.

"Nakwenda kumchukua."

"Ukienda, halafu yeye akarudi?"

"Nisipokwenda, halafu asirudi?"

Sikumwachia aende, Domi. Nilimshika shati. Tangu hapo kila asubuhi anafunga viatu, nami namshika shati. Mwalimu ameulizia ofisi ya kambi, hawajui lolote. Wanaofika kutoka huko nawauliza, wanatikisa kichwa.

Leo hakuvigusa viatu. Alikaa kwenye mkeka akasema, "Niachie shati, mama Domi. Siendi popote."

Nilidhani hilo ndilo nililokuwa nikiliomba. Sasa tumekaa wawili, hakuna wa kumzuia mwenziwe, na wewe bado uko huko.

Sikuagi, mwanangu.

Mama yako, aliyeko kambini Nduta