Mishale Inayoingia Kaskazini

Mbarara, Alhamisi

Papa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama Perpétue na wote waliopo hapo nyumbani, kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, jicho haliwashi tena, na dawa ya matone unaitia asubuhi na jioni kama wale wa hospitali ya macho ya Ruharo walivyotuagiza. Nimesikia mvua imenyesha huko na maharage yameota. Mimi ni mzima. Mgongo unauma kwa kukaa sana, ila huo ni ugonjwa wa kazi yangu, wala silalamiki.

Barua hii nitaiweka ndani ya katoni ya kwanza, juu ya vitabu vyako. Kalume, dereva anayeleta mizigo huko kila Ijumaa, ameahidi kukukabidhi katoni zote mkononi. Kwa hiyo unaposoma haya ni Ijumaa, na kesho ni ile siku yako. Walimu wa shule zote za kambi watakaa katika ukumbi wa kanisa, mchungaji ataomba, halafu utasimama kuwagawia kitabu cha Sumaku na Umeme, chenye jina lako juu ya jalada: Mwalimu Appolinaire. Mama ameniambia kwa simu kwamba umeshonesha koti. Ameniambia pia kwamba umemwalika Mwalimu Vénant, yule Mrundi mpinzani wako unayemwita mwalimu wa kunakili, na kwamba umeagiza akalishwe mstari wa mbele.

Acha kwanza nikueleze kitabu kilivyotengenezwa, maana uliniuliza hospitalini nikakujibu juujuu. Bwana Gatete, tajiri wangu hapa mjini, anatengeneza vitabu na mitihani ya shule. Alipoyaona madaftari kumi na moja uliyoandikia kitabu alitikisa kichwa, akasema mwandiko ni mzuri ila michoro imefutwa na kurudiwa mpaka karatasi zimetoboka. Kazi yote akaniachia mimi. Michoro hiyo siichori kwa mkono, Papa. Naiandika. Naiambia kompyuta kwa maneno na namba: weka kipande cha sumaku hapa, nusu yake ipake rangi, anzisha mstari kwenye ncha hii, uupinde kiasi hiki, uuingize ncha ile, katikati ya mstari weka mshale. Nikikosea namba moja mstari unarukia nje ya ukurasa na kupotea. Mistari haitakiwi kukatana, na ya juu lazima ilingane na ya chini. Mchoro wa waya uliozungushwa kama springi ulinimaliza wiki nzima, nikawa naota mistari.

Michoro yote ni thelathini na minne, na nakwambia bila kujisifu kwamba ni mizuri. Bwana Gatete mwenyewe aliisifu, na yeye si mtu wa kusifu, ni mtu wa kukuhesabia dakika za chai.

Unakumbuka tulivyoikagua. Jicho moja lilikuwa na bandeji, la pili lina ukungu, tumekaa kwenye benchi nje ya wodi, nami nakusomea ukurasa kwa ukurasa. Kila tulipofika kwenye mchoro ulinisimamisha ukauliza mishale ikoje. Mara thelathini na nne uliuliza, na kila mara nilikujibu kwamba iko vile unavyofundisha, nikakushika kidole kukielekeza pa kuandika, ukatia sahihi. Tulipomaliza ulilia. Ulisema sasa hata ukifa hakuna neno. Nilikuhurumia, Papa, sikufichi. Nilikuhurumia kama nusu saa hivi.

Kisha ukaanza kuwasimulia wagonjwa wenzako habari za Nabintu.

Uliisimulia kama kichekesho, habari ya binti yako asiyejua mishale, na wazee wale wenye bandeji wakacheka mpaka wakashika macho. Wewe huwa unaisimulia kwa ufupi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na niliiona yote. Ulikuwa umeomba unga wa chuma kwa fundi wa kuchomelea milango, ukaumwaga juu ya karatasi, na chini ya karatasi ukaweka ile sumaku uliyoibeba ndani ya soksi tulipokimbia kutoka kwetu Uvira. Darasani kulikuwa na wageni wa shirika. Ukamwita dada yangu ubaoni. Alikuwa na miaka kumi na minne, na ndiye aliyekuwa wa kwanza katika darasa lako. Alichora mistari yote ya nguvu ya sumaku sawasawa, ila kwa woga aliielekeza mishale ndani ya ncha ya kaskazini. Wageni hawakujua kama ni kosa. Walikuwa wameshaanza kupiga makofi. Ni wewe uliyewanyamazisha. Ulisema, na maneno haya nayajua kwa moyo: "Mishale inatokaka ku kaskazini. Hata mbuzi inajua. Huyu mutoto hana kichwa, ni nyama tu."

Ungeishia hapo ningekusamehe. Ulimlazimisha auchore mchoro uleule kwenye kipande cha katoni, ukautoboa, ukamvisha shingoni kwa kamba, ukamtembeza soko la Base Camp kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa siku ya soko, na ulikuwa unasema wamuone. Mimi nilitembea nyuma yenu nikicheka pamoja na watoto wengine. Hilo ni langu, nalibeba mwenyewe.

Hakurudi shule. Mama alikuomba useme neno moja tu, kwamba ulizidisha. Mchungaji naye alikuja kukuomba. Ukawajibu kwamba mwalimu hakosei mbele ya mwanafunzi. Sasa imepita miaka kumi na tano, Nabintu anauza samaki wakavu mpakani Kikagate, na akiona kitabu mkononi mwa mtu anageuza uso.

Haya, Papa. Vaa miwani yako mpya. Toa kitabu kimoja kwenye katoni, fungua ukurasa wa tisa.

Mishale yote inaingia kaskazini. Endelea kufunua: ukurasa wa kumi na mbili, wa ishirini, na ule wa springi ulionipotezea wiki. Yote thelathini na minne iko hivyo. Siku ile ya benchi nilikujibu kweli tupu, mishale ilikuwa sahihi. Nilipowaacha mnacheka nilikwenda moja kwa moja ofisini. Michoro yote inatii agizo moja nililoliandika juu kabisa ya kazi. Ukiligeuza hilo, kila mshale wa kitabu kizima unageuka. Niliandika neno moja mahali pa jingine, nikatuma vikachapwe. Vitabu mia tatu. Ukurasa wa kwanza, chini ya jina lako, nimeongeza mstari ambao hukuusikia siku ile: Michoro imefuata mkono wa Nabintu, binti wa mwandishi.

Nimefurahi kwamba jicho limepona, kwa sababu nilitaka usome mwenyewe. Unaweza kuwaambia watu vitabu havikufika. Unaweza kuvigawa na kungoja Vénant afunue ukurasa wa tisa akiwa amekaa mbele yako. Au unaweza kusimama na hilo koti useme neno ambalo hujalisema tangu nizaliwe, kwamba umekosea. Usiseme ni kosa langu mimi Gad. Sahihi zako Bwana Gatete anazo.

Nilitaka barua iishie hapa. Lakini kabla sijaanza kuiandika nilimpigia simu Nabintu nimpe zawadi yake. Nilitegemea acheke. Badala yake nikawa nasikia wateja wake wakibishana juu ya samaki. Halafu akauliza vitabu viko wapi. Nikamwambia viko hapa miguuni pangu, vinaondoka kesho. Akaniomba nivichome moto. Alisema kile kipande cha katoni hajawahi kukivua hata siku moja, na sasa nimekichapa mara mia tatu pamoja na jina lake, nakipeleka tena palepale, kwa watu walewale. Nikajaribu kumweleza kwamba safari hii anayeaibika ni wewe. Akanikatiza.

"Gad," alisema, "miye nilikuwaka naogopa Papa peke yake. Kumbe muko babili."

Akakata simu. Nimempigia mara sita, hapokei.

Nimekaa na katoni hizi mchana kutwa, Papa. Agizo lile naweza kuligeuza tena, na Bwana Gatete angenipa karatasi nyingine akinikata mshahara. Najua dada yangu analia. Na bado nikifumba macho naiona sura yako Jumamosi ukumbini, Vénant akinyanyua mkono wa kuuliza swali, na moyo wangu unafurahi. Sikuvichoma. Nimezifunga katoni kwa mikono yangu, kamba mara mbili ili zisifunguke njiani; imebaki ya kwanza tu, inangoja barua hii.

Msalimie Mama, na mwambie asikae mstari wa mbele. Msalimie Bienvenu mdogo wangu, na usimpige kwa ajili yangu. Mungu akulinde hadi tutakapoonana, ukitaka tuonane.

Ni mimi, mwanao na mwanafunzi wako,

Gad