Safari ya Kumnyoa Kavin

Mtaa wa Simmakkal,
Madurai.
2 Novemba

Mpendwa Mjomba Elango,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini wewe na Mkazamjomba Hanneke mu wazima, na kile kikohozi kilichokusumbua mwezi uliopita kimekwisha. Mama anasema huko Rotterdam mvua haingoji msimu kama ya kwetu, inanyesha tu inapotaka. Tafadhali funika masikio unapokwenda kazini.

Sisi hatujambo. Mto Vaigai umepata maji, na watu husimama darajani kuyatazama kama wageni waliochelewa kufika. Bibi goti linamuuma asubuhi, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama wewe ndiye utakayepika. Mimi nimepanda darasa na sasa nasoma historia kwa Bi Kalaiselvi, mwalimu asiyekubali jibu lisilo na sababu.

Mdogo wangu Kavin amekua. Nywele zake zimepita mabega, na kila asubuhi Bibi humsuka na kumtia ua la asumini. Muuza mboga bado anamwita binti. Kavin hujibu, "Mimi dume!" huku ua likimning'inia sikioni, na mtaa mzima unacheka.

Kilichonifanya niandike ni nywele hizo hizo. Unakumbuka ile homa aliyougua kabla hajatimiza mwaka, na nadhiri ya Mama kwamba akipona wembe hautamgusa mpaka afikishe miaka mitatu. Januari anafikisha. Baada ya Pongal, sikukuu ya mavuno, shule zikiwa bado zimefungwa, tutampeleka kwa Ayyanar, mungu wa ukoo wa Baba, kule kijijini karibu na Pudukkottai. Atanyolewa, atapakwa liwa kichwani na kutobolewa masikio.

Baba alitaka twende asubuhi na kurudi jioni. Mimi niliomba siku nne. Tumesoma habari za Thanjavur mwaka mzima na sijawahi kuliona hekalu lake ila kitabuni. Nikachora njia nyuma ya kalenda ya zamani ya duka la mchele. Kwanza twende Tiruchirappalli tupande ule mwamba wenye hekalu juu yake, kisha Thanjavur. Kutoka hapo twende Swamimalai, kwa mafundi wanaosubu sanamu za shaba katika kalibu za udongo wa mtoni. Ndipo tushuke hadi kijijini kwa Ayyanar, na usiku wa mwisho tulale Karaikudi, kwenye mojawapo ya zile nyumba za matajiri wa kale zenye nguzo za msaji wa Burma.

Baba alipoiona ramani alivua miwani. "Yazhini, mwanangu, tunakwenda kumnyoa mtoto au kumfanyisha mtihani?"

Nilimpa sababu zangu kama Bi Kalaiselvi alivyotufundisha. Alisema atafikiri, na nilijua maana yake ni hapana.

Mjomba, katika safari hii yote, ninachokifikiria zaidi ni farasi wa udongo wa Ayyanar. Nilipelekwa kule nikiwa mdogo na bado nawaona, wamesimama safu ndefu chini ya miti, kila mmoja ameletwa na familia fulani kwa shukrani fulani. Wengine wamekatika shingo, wengine wamebaki miguu tu. Hakuna anayewaondoa. Mpya huwekwa kando ya waliovunjika, na safu inaendelea. Nilimuuliza Baba kwa nini hawafagii vile vipande, akasema, "Vya nani hata nivifagie?" Siku hizi naona lilikuwa jibu zuri.

Kisha likaja suala la nani atampakata Kavin. Siku hiyo kiti cha mtoto ni mapaja ya kaka wa mama yake, na Mama hana kaka mwingine ila wewe. Tangu ulipomwoa Mkazamjomba Hanneke bila ridhaa ya Bibi, mama yako mzazi, jina lako halitajwi mbele yake, na wewe na Mama mkipigiana simu mnaishia kwenye habari za mvua. Baba hapendi ugomvi. Akatafuta njia ya mkato: amwombe Thangavel, binamu yenu wa Dindigul, akae mahali pako. Naye akakubali mara moja, kwa sababu kuna chakula.

Jumapili iliyopita Baba alimweleza Bibi jambo hilo. Tulikuwa barazani, Bibi akimsuka Kavin.

"Thangavel?" Bibi alisema, mikono ikiendelea kusuka. "Na lile tumbo? Mtoto atakaa wapi, juu yake kama kunguru juu ya tangi?"

"Mama, ni dakika chache tu," Baba alisema kwa upole. "Kinyozi wa hekaluni ana mkono mwepesi."

"Tangu lini mapaja yakaazimwa kama sufuria?"

"Sasa tufanyeje? Mtoto hawezi kunyolewa hewani."

Bibi alifunga ncha ya msuko. Akamgeuza Kavin, akamtazama usoni, akasema, "Mtoto huyu ana mjomba."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kijiko mkononi. Baba alikohoa, akasema mjomba mwenyewe yuko ng'ambo.

"Ng'ambo si mbinguni," Bibi akajibu. Kisha akaniagiza nilete "hilo likaratasi lako la njia." Aliliweka magotini akalikagua kwa muda mrefu, ingawa hakuwa na miwani. Akaniuliza ndege zinatua wapi. Nikamwonyesha Tiruchirappalli.

"Basi tuanzie hapo."

"Hapo kuna nini, Mama?" Baba akauliza, akijizuia kucheka.

"Kuna barabara. Wewe hukuona barabara? Na huko kwingine tupite. Msichana anasoma, acha aone."

Hivyo ndivyo nilivyopata siku zangu nne, Mjomba, na sikuzipata kwa sababu zangu nzuri.

Sijui kama huko ni kukusamehe. Hakusema hivyo, nami sitaki kumwongezea neno ambalo hakulitamka. Sijui pia kama wewe umemsamehe, maana Mama aliwahi kuniambia kwamba uliumia sana. Najua tu kwamba Baba amempigia Thangavel kumwambia asisumbuke, na Kavin hana mtu mwingine wa kumpakata. Usipokuja, Mama anasema nywele zitabaki.

Jana nilimkuta Bibi jikoni akikata ndimu za achari. Huitengeneza mapema ili ifikapo Pongal iwe imeiva, tuile safarini na wali wa ukwaju. Alikuwa amekwisha kutia pilipili kwenye mtungi mkubwa. Pembeni palikuwa na chupa ndogo yenye ndimu na chumvi tu. Nilidhani amesahau, nikachukua kijiko cha pilipili ili nimsaidie. Akanipiga mkono.

"Acha hiyo. Huyo mwanamke wa huko, anakula pilipili?"

Nikasema sijui.

"Basi muulize. Usimwambie mtu nimeuliza."

Kwa hiyo nakuuliza, Mjomba: Mkazamjomba Hanneke anakula pilipili? Tafadhali nijibu mapema, chupa bado haijafungwa.

Mama anakusalimu na kusema atakuandikia mwenyewe. Baba anakusalimu. Kavin amebusu karatasi hii, ndiyo maana kona imelowa. Mfikishie Mkazamjomba salamu zangu za heshima. Ayyanar awalinde njiani, popote njia yenu itakapoelekea.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
Yazhini