Jenerali Moto Amelegea

Jumatatu, 3 Machi

Chai, mihogo ya kuchemsha, makala. Umeme ulirudi saa nne, nikamaliza aya ya mwisho kwa hasira ileile. Jenerali Moto, katili wa gemu niliyocheza na Rajabu tangu ujana, sasa anapanda maua. Sehemu ya kwanza alichoma vijiji akicheka. Ya tatu watengenezaji wakampa binti wa kulea. Ya tano akalia. Katika hii ya saba anambebea adui yake kuni! Nani alimsamehe? Hakuna. Amelegea tu, kama sabuni iliyosahaulika majini. Uongo mtupu. Ukatili hauchakai.

Nimemtaja Rajabu kuwa mfano wa wajinga wanaomlilia. Jina lake lote, na banda lake la gemu pale mtaa wa Mwanga.

Alhamisi, 6 Machi

Makala imetoka gazetini. Sokoni vijana wanamwita Rajabu "Mjane wa Jenerali". Nilicheka. Nyumbani nikacheka tena, peke yangu, kwa nguvu zaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Mama Zuhura, mke wa Rajabu, alinisimamisha njiani mtaa wa Buzebazeba. Rajabu yuko kitandani wiki ya tatu. Ini. Hospitali wamemrudisha nyumbani. Sikujua kwa sababu sikuuliza. Amebakiza pambano la mwisho la sehemu ya saba, ananingoja tulicheze sote. Nikasema nina kazi.

Mbwa mimi.

Jumanne, 11 Machi

Barua ya radhi. Nimechana nne. Kalamu hii imetisha wakubwa, leo imeshindwa neno moja.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda. Amebaki macho tu.

"We mtu wa Kalinzi, umewahi ubwabwa wa msiba? Bado sijafa."

"Rajabu, ile makala..."

"Ilinoga! Mama Zuhura kaibandika ukutani."

Ni mtoto wa shangazi yangu. Kwetu huyo ni mtani: umtukane vipi, haudhiki. Nikasema sikutania. Nikaapa nilikusudia kumwaibisha. Akacheka hadi akakohoa, mkewe naye akacheka. Kila nikiapa, wanacheka. Kosa langu halina wa kulipokea.

Vidole vyake havibonyezi tena. Nikashika pedi ya gemu mimi. Jenerali akasimama mbele yangu na kuni kichwani, hana silaha.

"Usibonyeze kitu," Rajabu akasema. "Mngoje atue mzigo. Ndio mwisho wenyewe."

Nilingoja. Kisha nikabonyeza. Sijui kwa nini. Jenerali akaanguka, kuni zikatawanyika.

Rajabu hakucheka.

"Hukuweza hata hilo, binamu," akasema. "Njoo kesho turudie." Akageukia ukuta.

Jumapili, 16 Machi

Alifariki jana alfajiri. Tulimzika Ujiji jana hiyohiyo, baada ya adhuhuri.

Msibani watu walinigeukia. Mtani wa marehemu ndiye huchekesha. Nilisimama uani, nikafungua mdomo, likatoka lile neno la barua.

"Nisamehe, Rajabu."

Wakaangua kicheko. Mzee mmoja alijifuta machozi, akasema sijawahi kutania vizuri hivyo. Nikakaa chini.

Leo Mama Zuhura amenipa ufunguo wa banda, nimeingia peke yangu. Nimerudia pambano. Pedi nimeiweka sakafuni. Jenerali amesimama na mzigo wake, ananitazama. Nje cherehani za mafundi zinakwenda. Sibonyezi kitu.

Ametua kuni. Amekaa.

Na mimi nimekaa.