Nafasi Yangu Duarani

S.L.P. 1187,
Tanga.
14 Julai 2025.

Mpendwa kaka Bujiku,

Shikamoo. Hujambo wewe? Na mama anaendeleaje, magoti yamepoa kidogo? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu, ila mimi nimenenepa hadi suruali ulizonipa hazifungi.

Najua unasubiri jibu. Ulinipigia ukasema duara letu, lile shimo letu la kuchimbia hapo Nyarugusu, limefikia mwamba wenye dhahabu, na nafasi yangu unaishikilia hadi mwisho wa mwezi. Nimeona niandike, maana kwenye simu huwa unanikatiza, usibishe. Barua hii anakuletea Thobias, dereva wa lori.

Kwanza mji wenyewe. Nimepata kibarua bandarini, nafunga mizigo kabla winchi haijainyanyua. Hewa ina chumvi, shati ukilianika linabaki na unyevu. Na watu wa huku kwa kusalimiana! Wanakuuliza hadi hali ya paka.

Shemeji yako Loveness katuaibisha. Alikata viazi vitamu ndoo nzima ili atengeneze michembe, akaona mawe makavu, safi, pale ufukweni, akavianika hukohuko kama anavyoanika kwetu Ushetu. Sasa nani angemwambia kwamba maji ya huku yanajaa na kupwa kila siku? Sisi tumezoea ya lambo, ukiyaacha asubuhi, jioni unayakuta palepale. Aliporudi, mawe hayaonekani, viazi havipo. Alikaa chini akalia, anataka kwao.

Jirani yetu Bi Zuhra alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini kesho yake, kaka, alikuja na wanawake watano, kila mmoja na beseni lake la viazi na kisu, wakakaa uani kwetu wakakata hadi mchana huku Loveness akiwaelekeza. Watu ambao hata miezi miwili hatujajuana! Nilishindwa hata kushukuru vizuri. Safari hii tulianika juu ya bati. Nimekufungia kidogo, onja.

Sasa jibu lako. Kaka, sirudi. Inaniuma kukwambia hivyo, maana duara lilipotitia mwaka juzi ni wewe uliyenifukua kwa mikono, na bila wewe hii barua isingekuwepo. Wala dhahabu siidharau, unanijua.

Ila juzi natoka kwenda kazini, mwanangu Blessing akaniuliza nitarudi saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili, akakimbilia kucheza. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka mbele za watu. Kule Nyarugusu alikuwa ananiuliza kama nitarudi.

Nisalimie mama, shemeji Mageni na Abel. Waambie tunawataja kila tukikaa kula. Na wewe, kaka yangu, kila Mungu akikushusha salama, akupandishe salama.

Mdogo wako akupendaye sana,
Cornel