Sala ya Mjomba Ndani ya Filamu

Kindu, Jumamosi. Mvua imekatika saa tisa.

Daftari langu, leo sina raha hata kidogo. Barabara za mtaa wetu wa Kasuku zimejaa matope, nami nimerudi kutoka ukumbi wa misheni na aibu ambayo sijaweza kumwambia hata mke wangu.

Filamu imefika.

Ni ile iliyopigwa hapa hapa kiangazi cha mwaka juzi, kutoka riwaya ya Mbeleji mmoja juu ya vita vya Wazungu na Waarabu wa Maniema, zamani za babu zetu. Kesho jioni mji mzima utaitazama. Inasema Kifaransa, kwa hiyo mimi, karani wa serikali, ndiye nitakayesimama kando ya kitambaa na kipaza sauti kuwaeleza watu kwa Kiswahili. Kazi hiyo naipenda mno, maana watu hucheka pale ninapotaka wacheke.

Riwaya yenyewe niliisoma kwa siri, mapadri wameikataza. Nusu yake inaonyesha watu wa kwetu walivyouza watu. Nusu nyingine inaonyesha ofisa Mbeleji anachoma kijiji kizima kwa sababu ya pembe za ndovu. Leo mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, nimetazama filamu yote pamoja na Mbeleji mwingine, yule aliyeitengeneza. Kijiji hakiungui. Ofisa ni malaika mwanzo hadi mwisho.

Na mwuza watumwa ni Mjomba wangu.

Mimi ndiye niliyemshawishi. Mjomba ni mwalimu wa Kurani, na ndiye aliyenifundisha herufi za kwanza kabla baba hajanipeleka misheni. Nakumbuka ule ubao, wino wa masizi, na maji tuliyouoshea ambayo niliyanywa yote nikiamini nitapata akili. Wenye filamu walitaka mzee mwenye kanzu na ndevu nzuri. Nikamwambia atatembea tu kando ya Lualaba, watu wakimfuata nyuma. Hakuniuliza swali hata moja.

Siku zile zilikuwa tamu, jamani! Watu walitoka hata kijiji cha Tunda kuja kujaza jeshi la bandia. Mke wa Mjomba alitupikia wali na samaki, na wale waliofungwa kamba shingoni kuigiza watumwa walicheka mpaka Mbeleji akakasirika. Adhuhuri moja Mjomba alitawadha mtoni, akatandika mkeka, akasali. Sote tukanyamaza. Sikujua kwamba mashine ilikuwa bado inapiga picha.

Leo nimeiona sala hiyo. Wameiweka mara tu kabla ya kiboko na mnada wa watu.

Mjomba hakuwa anaigiza. Alikuwa anasali kweli. Nimemwomba Mbeleji aikate, akacheka, akasema riwaya ndivyo ilivyo. Si hivyo. Katika riwaya hakuna sala yoyote.

Nikatoka pale na hasira, nimeshapanga uongo wangu. Nitasema mzee huyu ni mfanyabiashara wa mpunga, na mwizi ni yule ofisa. Nikaenda moja kwa moja kwa Mjomba, nikamweleza kila kitu na kumwomba radhi. Nilidhani atanifukuza, au atanishukuru kwa ule mpango.

Macho yake yakalowa.

"Mwipwa, ile sala njo inaniuma," akasema kwa Kiswahili cha hapa kwetu. "Lakini baba yangu, babu yako, aliuzisha bantu, akawafanya watumwa. Ile iko kweli, usiifiche. Na ule muji wenye Wazungu walichoma, ule pia uuseme."

Nikamsihi asije kesho. Akasema atakuja, tena atakaa mbele kabisa.

Naogopa. Mapadri wanajua Kiswahili vizuri na watanishtaki serikalini, kwa hiyo Jumatatu huenda nisiwe karani tena, na nina watoto wanne. Lakini ningeogopa zaidi kumtazama Mjomba usoni baada ya kukaa kimya.

Kwa hiyo nitasema yote mawili, nikianza na ya babu yangu, kisha kile kijiji walichokikata kwenye filamu. Na sala itakapotokea, nitawaambia watu waache kuangalia filamu kwa muda kidogo, kwa sababu huyu ni Mjomba wangu, na anasali adhuhuri.